UZI: Jina langu halipo kwenye listi ya vikwazo, mbona TT zangu (hela ninazotuma nje kupitia benki) zinakwama? Watu wa komplayansi njooni hapa

#1 Mlipaji_Mvumilivu
Wadau habari zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba tusaidiane. Naagiza spea za mashine za viwandani, msapulaya ni yuleyule mwaka wa nne sasa, benki ileile, invoisi hazipishani sana. Mwaka huu pekee TT tatu zimekwama, hii ya mwisho leo ina siku tisa. Nikipiga simu naambiwa "ipo kwenye uchunguzi", nikiuliza uchunguzi wa nini kimya. Juzi dada mmoja wa kaunta akaninong'oneza kwamba jina langu "limegonga listi". Listi ipi sasa?? Nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya OFAC, ofisi ya vikwazo ya Marekani, nikaandika majina yangu yote matatu, hola. Nikaandika mawili tu, la kwanza na la mwisho, akatokea mtu, amezaliwa 1962. Mimi ni wa 1985. Yaani sistimu ya benki nzima haioni kwamba hawa ni watu wawili? Kosa ni la listi, la mashine au la watu? Anayejua kwa kazi aniambie.

#2 BintiHesabu
Pole mkuu. Unalipa kwa dola? Kama ni dola inawezekana hata haijakwama kwenye benki yako, imekwama njiani.

#3 Mlipaji_Mvumilivu
Ndio dola. Njiani wapi tena?

#4 mzee_wa_aleti
Hapa nina la kusema, nimekaa miaka kumi na moja nikifungua na kufunga hizi aleti, yaani tahadhari mashine inazotoa jina likifanana na la kwenye listi.

Mkuu hela yako hairuki moja kwa moja kutoka benki yako hadi ya msapulaya. Inapita kwa benki korespondenti, yaani benki ya kati inayounganisha hizo mbili, mara nyingi moja, wakati mwingine mbili, na kila moja inachuja majina kwa sistimu yake na kwa listi zake. Kuna ya Umoja wa Mataifa, ya OFAC ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ya Umoja wa Ulaya, ya Uingereza, na nchi nyingi zina zake.

Sasa nikuonyeshe ninachokiona mimi. Skrini imegawanywa katikati. Kulia kuna mtu wa kwenye listi: jina, lakabu nne au tano, pasipoti mbili ambazo moja muda wake uliisha zamani, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa "takriban 1962". Kushoto uko wewe: jina, namba ya akaunti, kipande cha anwani kilichokatika katikati kwa sababu nafasi iliisha. Basi. Hiyo 1985 yako unayoiona wazi kama jua mimi SIIONI, haikuja na meseji. Nimebaki na majina mawili yanayofanana na natakiwa niseme ni yeye au si yeye, na nikikosea upande mmoja benki inalipa faini. Kwa hiyo natuma swali kwa benki yako, benki yako inalijibu ikijisikia, na wewe unahesabu siku.

Jibu langu: kosa ni data. Meseji ya malipo ni masikini.

#5 kodi_usiku_wa_manane
Mzee heshima yako ila data ni nusu ya hadithi, nusu nyingine ni ulinganishaji wa majina wenyewe. Nimewahi kuandika programu ya namna hii.

Mashine haitafuti jina lilelile herufi kwa herufi, ikifanya hivyo mhalifu anabadilisha herufi moja anapita. Inatoa alama za ufanano. Njia zenyewe ni za kale, Soundex ambayo hugeuza jina kuwa msimbo wa sauti ilipewa hataza 1918, ya Levenshtein inayohesabu herufi ngapi zibadilishwe ni ya 1965, halafu kuna Jaro-Winkler inayojali zaidi herufi za mwanzo. Hata ile ya OFAC uliyoingia inatumia Jaro-Winkler na Soundex, kuna kitelezi pale cha kushusha alama, ukikishusha kidogo tu utaona majina yanavyomiminika.

Tatizo ni kwamba Soundex ilibuniwa kwa majina yanayotamkwa Kiingereza. Mletee jina lenye asili ya Kiarabu, Kirusi au Kichina lililohamishwa kuja herufi za Kilatini, hapo Mohamed, Muhammad, Mohammed na Mohamad ni mtu mmoja au wanne? Mtu wa haki anagongwa kwa sababu jina lake ni la kawaida sana duniani, na wa kwenye listi anaweza kupita kwa sababu ya nukta.

Na nukta sitanii. Apple 2019 walikubaliana na OFAC kulipa dola 466,912. Kulikuwa na kampuni ya Slovenia inaitwa SIS d.o.o., ikawekwa kwenye listi Februari 2015, Apple wakachuja siku ileile na sistimu haikuikamata, kwa sababu kwao ilisajiliwa SIS DOO kwa herufi kubwa. Na Crimea, eneo lililowekewa vikwazo, nao waliikosa hivyohivyo, imeandikwa kwa K.

#6 BintiHesabu
Nukuu #5 hapo mwisho umechanganya mdogo wangu. Ya Crimea ni Amazon, 2020, dola 134,523. Anwani zilikuja na "Krimea" na sistimu ikaziacha. Ya Apple ni hiyo ya herufi kubwa, halafu kulikuwa na la pili, mwenye hisa wa hiyo SIS alikuwa ameandikwa kwenye akaunti kama msimamizi na wao walikuwa wanachuja majina ya wasanidi wa programu tu.

#7 kodi_usiku_wa_manane
Kweli dada, nimeziunganisha. Asante.

#8 Pesa_Hailali
Mnamzungusha bure. Benki zinakalia hela makusudi zizungushe. Siku tisa mara wateja maelfu, piga hesabu wenyewe.

#9 mzee_wa_aleti
#8 nimeelewa hasira yako ila nikwambie ilivyo. Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Cha kwanza kushikilia, yaani muamala umesimama watu wanaangalia, hapo ndipo alipo mwenye uzi. Cha pili kukataa, hela inarudi ilikotoka. Cha tatu kufungia, hapo mali ya mtu wa kwenye listi imegandishwa, harudishiwi aliyetuma na hapewi wa kupokea. Kwa sheria ya Marekani hela iliyofungiwa lazima iwekwe kwenye akaunti inayozaa riba, na OFAC wapewe taarifa ndani ya siku 10 za kazi. Hiyo riba si ya benki.

Hakuna benki inayofurahia muamala uliosimama. Kila aleti ni mshahara wa mtu.

#10 Pesa_Hailali
Sawa kwenye kufungia. Ila kushikilia je, hiyo riba ya siku tisa ni ya nani?

#11 mzee_wa_aleti
Hapo sina jibu zuri.

#12 Nahodha_wa_Shehena
Mimi niko upande wa kampuni sio benki, nakagua wateja na meli kabla ya mzigo kupakiwa. Mwenye uzi, mbona wote mmekubali haraka kwamba ni jina LAKE? Dada wa kaunta alinong'ona tu. Inaweza kuwa msapulaya.

Kuna kanuni ya asilimia 50. OFAC wanasema kampuni inayomilikiwa asilimia 50 au zaidi na mtu aliyefungiwa nayo imefungiwa, HATA KAMA jina la kampuni halipo kwenye listi yoyote. Na tangu Agosti 2014 wanajumlisha: wawili wa kwenye listi wakiwa na 25 kila mmoja, tayari ni 50, imekwisha. Uingereza wao ni zaidi ya 50, au udhibiti, yaani anaweza kuwa na asilimia 10 ila ndiye anayeteua wakurugenzi, nayo inahesabika. Kwa hiyo kampuni moja inaweza kuwa safi upande mmoja na chafu upande wa pili. Msapulaya wako wa miaka minne akiuza hisa mwaka huu kwa mtu mwingine, wewe utajuaje? Kila kitu kwako kitaonekana vilevile, invoisi ileile, nembo ileile.

Kwangu ilitokea hivi. Mteja tuliyemzoea, makaratasi yote safi, nikaomba rejista mpya ya wanahisa kwa sababu tu ya zamani ilikuwa na miaka miwili. Ikaja kurasa tatu. Ukurasa wa mwisho kuna kampuni ndani ya kampuni, nikaifuata hadi ya nne ndipo nikakuta jina. Mikono iliniganda kwenye kibodi, mzigo ulikuwa umeshapangiwa meli.

#13 Tulia_Kwanza
Nahodha na meli mnazichuja vipi, si wanapaka rangi jina jipya wanaendelea?

#14 Nahodha_wa_Shehena
Jina tunaliangalia ila hatuliamini. Tunafuata namba ya IMO, tarakimu 7, inabaki na meli hadi inakatwa chuma hata ikibadilisha jina, bendera na mwenyewe mara kumi. Halafu tunaangalia njia yake, kama mtambo wa AIS, ule unaotangaza meli ilipo, ulizimwa siku mbili katikati ya bahari halafu meli ikaibuka imezama zaidi majini kuliko ilivyokuwa, ujue imepakia mahali haitaki ujue.

#15 Wakili_Mtulivu
Habari wote, uzi mzuri. Niongeze upande ambao haujaguswa, hiyo listi yenyewe nani anaihoji? Mnaongea kana kwamba kilichoandikwa kule ni ukweli na kazi ni kufananisha tu.

Yassin Abdullah Kadi, mfanyabiashara wa Saudia, aliingizwa kwenye listi ya Umoja wa Mataifa Oktoba 2001 chini ya azimio 1267 na Ulaya ikagandisha mali zake. Akaenda mahakamani, Mahakama ya Haki ya Ulaya Septemba 2008 ikasema haki yake ya kusikilizwa ilikiukwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilimtoa Oktoba 2012 na kesi ya Ulaya ikaisha kwa ushindi wake Julai 2013. Hesabu hiyo miaka. Katikati ya hayo, 2009, azimio 1904 likaunda ofisi ya Ombudsperson wa kusikiliza wanaotaka kutolewa, ila ni kwa listi hiyo moja tu ya Al-Qaida na baadaye ISIL, listi nyingine za vikwazo hazimhusu.

Na Nelson Mandela alikuwa kwenye listi ya vikwazo ya Marekani hadi 2008. Mandela!

#16 BintiHesabu
Wakili ya Kadi uko sahihi, ya Mandela tuitengeneze kidogo. Haikuwa listi ya vikwazo vya fedha ya OFAC, ilikuwa upande wa uhamiaji, yeye na wenzake wa ANC walihitaji kibali maalumu kuingia Marekani kwa sababu ya chama kuhesabiwa kama cha kigaidi. Sheria ya kuwaondoa ilisainiwa Julai 2008. Hoja yako inasimama, ila mtu akiinukuu ya vikwazo vya benki atakosea.

#17 Wakili_Mtulivu
Nimekubali, asante. Huyu dada anafaa kukaa mezani kwangu akinisomea kila barua kabla haijatoka.

#18 Tulia_Kwanza
Anatusahihisha wote hadi wakili 😂 endelea hivyohivyo dada

#19 jicho_la_tatu
Kwa mimi mzizi ni FATF, kile chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha. Wao ndio wanaweka watu kwenye vikwazo halafu benki zinaogopa.

#20 mzee_wa_aleti
Hapana, FATF haina listi ya watu. Ilianzishwa 1989 Paris na kundi la G7, inatoa mapendekezo 40, la 6 na la 7 ndiyo yanayozitaka nchi zigandishe mali za waliotajwa na Baraza la Usalama, bila kuchelewa, maana yake saa na si wiki. Listi zake yenyewe ni za NCHI, ile nyeusi na ile ya kijivu. Nchi ikiingia kijivu hakuna aliyefungiwa, ila benki za nje zinakaza macho na muamala wa kule unapata maswali zaidi.

#21 jicho_la_tatu
Sasa si ndo hapo. Hakuna aliyefungiwa lakini wote wanateseka. Mimi naita woga. Benki korespondenti ikiona eneo fulani halimpi faida ya kutosha kulinganisha na hatari inafunga uhusiano kabisa, wateja wazuri wanaondoka na wabaya kwenye beseni moja. Kaka yangu akaunti yake ilifungwa kwa barua ya mistari minne, hakuna sababu, na hana kosa lolote hadi leo.

#22 kodi_usiku_wa_manane
Woga una sababu lakini. BNP Paribas 2014 walikiri kosa na kulipa karibu dola bilioni 9, miamala ya Sudan, Iran na Cuba, na walikuwa wanaondoa majina kwenye meseji ili vichujio vya Marekani visione. Ndo mchezo wenyewe wa zamani, benki moja inatuma meseji kamili kwa mwenzake na nyingine tupu ya kusafirisha hela tu. Ndio maana Novemba 2009 ikaletwa MT202 COV, meseji ya benki kwa benki ya kusafirisha hela ambayo lazima ibebe mlipaji na mlipwaji. Baada ya kuona bilioni 9 bosi gani atakwambia "achia tu"?

#23 mzee_wa_aleti
Na sisi wachunguzi tusijitoe. PayPal 2015 walilipa OFAC dola milioni 7.6 na ushee. Ndani yake kuna mtu mmoja wa kwenye listi, miamala 136, jumla yake ilikuwa kama dola elfu saba tu. Miezi ya mwanzo sistimu haikumuona, halafu ikaanza kumuona, ikapiga kelele, na watu waliokaa kwenye viti kama changu wakazifuta aleti mara kadhaa. Mashine ilisema. Mtu ndiye aliyekataa.

Naielewa kwa undani hiyo. Zamu ya usiku, aleti ya tisini, zote themanini na tisa zilizotangulia zilikuwa aleti hewa, vidole vinajifunza kubonyeza "si yeye" kabla macho hayajasoma. Niliwahi kujikuta nimefunga moja nikarudi kuifungua tena kwa sababu kuna kitu kilinikwaruza, mwezi wa kuzaliwa ulifanana. Haikuwa yeye. Lakini nilitoka kazini nikitetemeka, na kuanzia siku ile kila aleti ya kumi nainuka kwenye kiti.

#24 BintiHesabu
Mzee umeniliza. Hii ndiyo sababu nasema wanaoweka kiwango cha alama chini kabisa "kwa usalama" wanajidanganya, unamzika mtu kwenye aleti hewa halafu unamlaumu kwa kukosa ile moja ya kweli.

#25 kodi_usiku_wa_manane
Ila ukipandisha kiwango "Krimea" inapita.

#26 BintiHesabu
Ndiyo maana kuna kupima. Unaingiza majina ya listi uliyoyaharibu makusudi, unaona yapi yanakamatwa kwenye kiwango kipi, unaandika kwa nini umechagua hapo. Na usichuje kila lakabu kwa uzito mmoja, OFAC wenyewe wanatenga lakabu dhaifu, zile za jina la utani ambalo watu wengi wanalo, na hawategemei uzichuje. Kuna sistimu bado zinazigonga zote.

#27 Tulia_Kwanza
Na maneno ya kawaida nayo yanagonga? Wellington kule New Zealand kuna barabara inaitwa Cuba Street, hao wakitumiwa hela inakuwaje

#28 mzee_wa_aleti
Hakika zinagonga. Anwani ikiwa imemwagwa kwenye mistari huru mashine inaona neno Cuba, haijui ni barabara au nchi. Ndio tumaini la ISO 20022, muundo mpya wa meseji za malipo, SWIFT (mtandao wa meseji za benki) walianza kuihamia kwa malipo ya kuvuka mipaka Machi 2023, nchi ina kisanduku chake, mji chake, barabara chake. Kwa hiyo kichujio cha nchi kinaangalia kisanduku cha nchi. Ila benki ikijaza ovyo, kisanduku kizuri kinabeba takataka ileile.

#29 Wakili_Mtulivu
Swali kwa #4. Ulisema tarehe ya kuzaliwa haiji na meseji. Mimi nilidhani inaruhusiwa?

#30 BintiHesabu
Inaruhusiwa. Kwenye MT103, meseji ya malipo ya mtindo wa kabla ya ISO 20022, mlipaji akiandikwa kwa muundo wa 50F kulikuwa na mstari wa tarehe ya kuzaliwa. Mzee anazungumzia 50K, ile ya jina na anwani huru. Benki nyingi zilizoea hiyo.

#31 mzee_wa_aleti
Sahihi, nilipaswa kutofautisha. Nazungumzia zinazonifikia, nyingi ni tupu.

#32 Mlipaji_Mvumilivu
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Mrejesho: leo asubuhi nimepeleka nakala ya pasipoti, invoisi, hati ya mzigo, na nikafuata ushauri wa Nahodha nikamwomba msapulaya rejista ya wanahisa. Msapulaya akashangaa lakini ameituma. Kweli kuna mwanahisa mpya! asilimia 30, aliingia mwaka huu.

#33 Nahodha_wa_Shehena
Eheeee. Mwaka huuhuu TT zilipoanza kukwama.

#34 kodi_usiku_wa_manane
30 si 50 lakini. Na jina la huyo mwanahisa halipo kwenye meseji ya malipo, kichujio cha majina kingemuonea wapi?

#35 Nahodha_wa_Shehena
Benki kubwa zinanunua data ya umiliki, sistimu inaweza kuiunganisha kampuni na mwenyewe. Na 30 ukiongeza udhibiti kwa upande wa Uingereza...

#36 mzee_wa_aleti
Au mwaka huu korespondenti ameshusha kiwango cha alama. Au listi imeongezwa jina. Mteja aliyesafishwa zamani anarudi kuwa mgeni pale rekodi ya listi ikiguswa tu, hata wakiongeza lakabu moja.

#37 Mlipaji_Mvumilivu
Mwanahisa nimemtafuta kwenye listi nne, hayupo popote. Nimebaki palepale.

#38 BintiHesabu
Mkuu iandikie benki yako barua, uliza mambo mawili tu: ombi la taarifa kutoka kwa korespondenti lilifika tarehe ngapi, na wao walijibu tarehe ngapi. Usiulize "uchunguzi wa nini", hiyo watakwepa. Kuna taarifa za miamala ya kutia shaka ambazo sheria inawakataza kumdokeza mteja, na wafanyakazi wengi wanaogopa kiasi kwamba wananyamaza hata kwenye jambo la jina kufanana tu. Lakini tarehe wanaweza kukupa. Na waombe waweke tarehe yako ya kuzaliwa kwenye malipo yajayo.

#39 Pesa_Hailali
Hii ya tarehe mbili nimeipenda, naichukua na mimi.

#40 jicho_la_tatu
Akiweka tarehe ya kuzaliwa kwenye TT si anagawa taarifa zake kwa benki tatu asizozijua?

#41 Wakili_Mtulivu
Hoja nzito hiyo, na sheria za faragha za nchi husika zina neno hapo.

#42 Mlipaji_Mvumilivu
Mrejesho wa pili, siku ya kumi na mbili. Hela imefika kwa msapulaya. Benki imejibu barua: ombi la korespondenti lilifika siku ya pili, wao walijibu siku ya kumi. Siku nane lilikaa kwenye imeili ya mtu aliyekuwa likizo.

#43 mzee_wa_aleti
Siku nane. Aisee.

#44 kodi_usiku_wa_manane
Sawa, lakini kilichogonga mwanzoni kilikuwa nini, jina lako au kampuni? Wamesema?

#45 Mlipaji_Mvumilivu
Hawajasema. Nina TT nyingine Ijumaa, hii naweka tarehe ya kuzaliwa. Nitarudi hapa.